Ayubu wa Utenzi na Ayubu wa Maandiko: Juu ya Kuzitambua Aina za Maneno katika Biblia

Watu wa Dar es Salaam wanaolijua bonde la Msimbazi hawana haja ya kuambiwa mafuriko ni kitu gani. Mto ule hushuka kutoka vilima vya upande wa Pugu, hupita kando ya Kariakoo penye uwanda wa Jangwani, hata huingia baharini. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 maji yalipanda kwa nguvu ambayo wengi hawakupata kuiona maishani mwao. Makumi ya watu walikufa, na jamaa nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Katika siku zile za msiba tulisikia, katika nyumba moja ya ibada, fungu la kitabu cha Ayubu likisomwa mbele ya watu waliofiwa. Maana ya fungu lile ni kwamba watoto walioangamia waliangamia kwa makosa yao wenyewe. Msomaji hakuongeza neno lake mwenyewe. Alisoma yaliyoandikwa, akafunga kitabu. Mama mmoja aliyekuwa amefiwa aliinuka, akatoka nje pole pole, wala hakurudi.

Twaweza kusema kwamba msomaji yule alikosa huruma, lakini kosa lake la kwanza halikuwa la moyo. Lilikuwa kosa la kusoma. Maneno yale yamo katika sura ya 8, tena msemaji wake ni Bildadi, mmoja wa wale rafiki watatu. Katika sura ya 42 Mungu mwenyewe awakasirikia rafiki hao, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa. Basi, neno lililokwisha kukataliwa ndani ya kitabu chenyewe lilitolewa kama hukumu ya kitabu. Yatupasa kuuliza jambo kama hili hutokeaje, hasa kwa watu wa pwani, ambao kwa desturi yao ni wepesi wa kupambanua maneno.

Maana Mswahili hulijua neno kwa aina yake kabla ya kulijua kwa maana yake. Asikiapo “Paukwa!” hujibu “Pakawa!”, akajua kwamba sungura atasema, wala hatauliza alisema lugha gani. Asikiapo “Kitendawili!” hujibu “Tega!”, akajua kwamba atakayosikia yana jambo jingine nyuma yake. Mwanamke akipita mtaani amevaa kanga yenye maneno makali, jirani yake huyasoma mara moja, tena hujua kama ni yeye aliyekusudiwa. Hata Mfalme Daudi alinaswa kwa namna hii: Nathani alimletea fumbo la tajiri na kondoo wa maskini, naye akalidhania kuwa kesi ya kweli, akatoa hukumu, akajikuta amejihukumu mwenyewe.

Wafasiri wa kwanza wa Biblia kwa Kiswahili waliujua utajiri huu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule akaanza kazi ya kufasiri kitabu cha Mwanzo. Ndiye pia aliyepeleka Ujerumani hati za Utendi wa Tambuka, ambao tarehe yake ni 1728. Edward Steere wa Unguja alichapisha mkusanyo wa hadithi za Waswahili mwaka 1870, miaka mingi kabla ya Biblia nzima kutoka mwaka 1891, naye alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1882. William Taylor wa Mombasa alitoa kitabu cha methali mwaka 1891, na kwa msaada wa Mwalimu Sikujua akakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji. Kwa hiyo mmoja alitunza tenzi, wa pili hadithi, wa tatu methali na mashairi. Hatusemi kwamba walifanya hivyo kwa shauri moja. Lakini kazi zao zikiwekwa pamoja zatuonyesha kwamba mtu hawezi kulipeleka Neno katika lugha asiyojua watu wake husimuliaje, huonyaje, na hubishanaje.

Sasa tumtazame Ayubu. Pwani ilimjua tangu kale. Uko Utendi wa Ayubu, ambao Alice Werner aliuchapisha London katika miaka ya 1920. Nao, kama ilivyo desturi ya tenzi za namna hiyo, wasimulia maisha ya mtu mwema ili msikiaji apate kielelezo. Ayubu wa utenzi ni mtu wa subira. Mashaka humjia, naye huvumilia, na mwisho hulipwa. Msikiaji hana shida ya kujua nani asema kweli, maana mtunzi humwongoza kwa mkono kutoka beti ya kwanza hata ya mwisho.

Mwalimu aliyekuzwa na masimulizi hayo afunguapo Biblia, sura mbili za kwanza zamthibitishia kwamba yumo katika nchi anayoijua. Ni hadithi ya mtu mwema aliyejaribiwa, tena imeandikwa kwa maneno ya kusimulia. Lakini katika sura ya 3 Ayubu afungua kinywa chake, akailaani siku ya kuzaliwa kwake. Tangu hapo hata sura ya 42 hakuna masimulizi ila kidogo; ni mashairi. Elifazi asema, Ayubu amjibu. Bildadi asema, Ayubu amjibu. Sofari asema, naye pia ajibiwa. Baadaye aingia Elihu, na mwisho Bwana mwenyewe asema kutoka katika upepo wa kisulisuli. Hii si aina ya utenzi tena. Ikiwa twatafuta ndugu yake katika fasihi ya Waswahili, hatuna budi kumtafuta katika malumbano, yale mashairi ya kujibizana ambayo Muyaka aliyatumia kuwajibu washairi wa Lamu zamani za vita vya Mombasa.

Na kanuni ya malumbano kila mtu wa pwani aijua. Shairi la mpinzani hutungwa kwa ufundi, hupendeza sikioni, lina methali na mifano, na huenda nusu yake ni kweli. Lakini ni la mpinzani. Hakuna msikiaji atakayelichukua shairi la mtu wa Lamu akasema, “Ndivyo asemavyo Muyaka.” Lakini twafanya jambo hilo hilo kila mara tunapolitoa neno la Bildadi na kusema, “Ndivyo isemavyo Biblia.” Yule msomaji wa Msimbazi alisoma malumbano kana kwamba ni utenzi, ambamo kila beti ni sauti ya mtunzi.

Hatari ya namna hii haiko katika Ayubu peke yake. Kitabu cha Mithali, sura ya 26, aya ya 4 chatuonya tusimjibu mpumbavu kwa upumbavu wake. Na aya ya 5, papo hapo, chatuagiza tumjibu. Anayezisoma aya hizi kama sheria hukwama. Lakini mwulizeni mchuuzi yeyote wa Kariakoo kama haijui “haraka haraka haina baraka”, ataijua. Mwulizeni tena kama haijui “ngoja ngoja huumiza matumbo”. Ataijua vile vile, wala haoni kwamba moja yaiua nyingine. Ajua kwamba methali hungoja mahali pake, na hekima ni kujua leo ni siku ya ipi. Ndiyo sababu si haki kumshika mzazi ambaye mwanawe amepotea, na kumsomea ile mithali ya kumlea mtoto katika njia impasayo, kana kwamba ni ahadi iliyotiwa sahihi ambayo yeye ameivunja.

Jina lenyewe la Kariakoo latufundisha jambo. Halina maana katika Kizaramo wala katika Kiswahili cha kale. Latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika katika vita vya 1914 hata 1918, ambao makumi ya maelfu yao walikufa. Asiyejua habari hiyo hulitamka jina kila siku, na wale wapagazi hawamjii moyoni. Vivyo hivyo mtu aweza kuzitamka aya maisha yake yote, asijue zilitoka katika kambi gani.

Basi, ndugu walimu, twashauri kwamba kabla ya kusoma fungu mbele ya watu tujiulize maswali manne. Ni nani asemaye? Amwambia nani? Asema kwa aina gani: masimulizi, sheria, methali, maombi, ubishi, waraka au maono? Na kitabu chenyewe kinamwambiaje msemaji huyo mwishoni? Tusiyafundishe maswali haya kama elimu ngeni. Tuanze na kitendawili, na kanga, na malumbano, ambayo wanafunzi wetu wayajua kuliko sisi, kisha tuwapeleke kwenye Maandiko na masikio yale yale.

Tena yafaa tukumbuke kwamba Biblia ilikuwa na neno kwa ajili ya yule mama. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu akumbusha habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, naye akataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Na katika Zaburi ya 69 mwombaji alia kama mtu ambaye maji yamemfika shingoni na miguu yake haioni pa kusimama. Zaburi ile ni kilio, nacho kilio hakimhukumu mtu. Kama ingalisomwa siku ile, huenda mama yule angalikaa.