Rubugo ya Bibi

Bibi alipofariki, sisi wajukuu tuliambiwa tutoe sanduku lake la bati chumbani. Ilikuwa Kitendaguro, Aprili 2013, na mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri kama ilivyo kawaida ya Bukoba mwezi huo. Ndani ya sanduku mlikuwa na vitenge vinne ambavyo hatukuwahi kumwona amevivaa, cheti cha ubatizo kilichofungwa kwenye nailoni, rozari mbili, na chini kabisa kitu kilichokunjwa mara nyingi, rangi yake kama udongo wa kichuguu. Nilikishika nikadhani ni ngozi. Lakini kilikuwa chepesi mno kuwa ngozi, na kilinukia moshi.

"Acha hiyo," shangazi akasema. "Ni rubugo yake. Ya kuondokea."

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasoma historia. Katika miaka yote mitatu rubugo nilikutana nayo mara moja tu, kwenye orodha ya "viwanda vya kabla ya ukoloni": chuma, chumvi, vyungu, nguo za magome ya miti. Mhadhiri aliisoma orodha, tukaandika, akaendelea na biashara ya masafa marefu. Sasa ilikuwa mikononi mwangu, na nilijua kitu kimoja tu kuihusu, kwamba hupatikana kwa nadra. Basi nikasema neno ambalo hadi leo linanitia aibu kidogo. Nilisema kitu hiki ni cha kihistoria, kikifukiwa kitaoza, afadhali mnipe mimi nikitunze.

Baba mkubwa aliniunga mkono, ila kwa sababu zake. Alikuwa amekuja na jeneza la vanishi lenye satini nyeupe ndani, na hakutaka majirani waone mama yake anazungushiwa gome la mti kana kwamba watoto wake wameshindwa kununua sanda. Shangazi hakutujibu. Aliichukua rubugo, akaiweka mapajani, akaendelea kupokea wageni.

Nilichokuwa nakibishania sikukifahamu. Nimekifahamu baadaye, kwa vipande, na sehemu kubwa ya ufahamu huo niliupata ng'ambo ya mpaka.

Rubugo haifumwi wala haisokotwi. Nguo nyingi tunazozijua zinaanza na uzi: pamba inasokotwa, sufu inasokotwa, katani inasokotwa, kisha uzi unapishanishwa na uzi. Rubugo inaanza ikiwa tayari ni kitambaa, isipokuwa kimeuzunguka mti. Mti wenyewe ni mtoma, jamii ya mkuyu, ambao Waganda wanauita mutuba na wataalamu wa mimea Ficus natalensis. Nyuzi za gome lake la ndani zimesukana zenyewe kama wavu, na kwa sababu hiyo ukiligonga linatanuka badala ya kupasuka. Visiwa vya Pasifiki vina ufundi wa jamaa na huu, kitambaa cha tapa, lakini huko mara nyingi hubandika vipande juu ya vipande. Huku kwetu mti mmoja hutoa nguo moja, na fundi hodari huitoa ikiwa nzima.

Nilikwenda kuona mwaka 2018, kupitia Mutukula hadi vijiji vya upande wa Masaka. Fundi aliyenipokea alikuwa mzee mwenye mabega ya mpiga makasia. Kazi hufanyika msimu wa mvua, wakati gome limelegea kwa utomvu. Alikata mduara chini ya shina, mduara mwingine juu karibu na matawi, kisha mstari mmoja wa wima, akaingiza kabari ya shina la mgomba na kulivua gome taratibu kama mtu anayemvua mtoto koti. Kabla hajashughulika na gome, alilifunga shina lililobaki uchi kwa majani ya mgomba. Hatua hiyo ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Mti haufi. Unaota gome jipya chini ya majani yale na mwaka unaofuata unaweza kuvuliwa tena, na mti mmoja hutunzwa hivyo kwa miaka hadi 40. Tena nguo ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, ngumu na yenye kukwaruza. Kitambaa laini hutoka kwenye mti uliokwisha kuvuliwa mara kadhaa.

Gome likishakwanguliwa ganda la nje na kulainishwa kwa joto, hulazwa juu ya gogo chini ya kibanda kisicho na kuta, lisikauke upesi. Hugongwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mifereji, kwanza yenye mifereji mipana, kisha ya kati, mwisho ile myembamba. Nililiona gome lenye upana wa kiganja na nusu likawa kitambaa cha kumfunika mtu. Kisha lilitandazwa juani, mawe pembeni, na rangi yake ya maziwa ya chai ikaanza kugeuka taratibu kuwa ile rangi ya kichuguu niliyoiona sandukuni.

Nilipoishika nikaelewa Bibi alikuwa anasema nini alipozoea kulalamika kwamba mashuka ya siku hizi "hayashiki joto". Rubugo haiko kama karatasi, ingawa kwa macho inafanana nayo. Ni nene, ina unyweleo kama sufu iliyochakaa, na tabaka zake zinabana hewa katikati. Jioni ya Bukoba, upepo wa ziwa unapopanda, hilo si jambo dogo. John Hanning Speke, aliyefika Karagwe kwa Rumanyika mwishoni mwa 1861 na kuendelea hadi kwa Mutesa wa Buganda, aliwaona watu wa ikulu wamevaa rubugo akazifananisha na kodrai, kile kitambaa cha mistari iliyoinuka, zilivyokuwa zimekaa vizuri kana kwamba zimetiwa wanga. Mistari hiyo ni alama za nyundo.

Lakini nisiisifu kupita kiasi. Rubugo ina adui, na adui huyo ni maji. Ikilowa inalegea, ikivutwa inachanika, na huwezi kuifua kwa sabuni na kuikamua. Sasa fikiria kwamba nguo ya namna hiyo ilivaliwa mahali panapopata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo maana watu wa kwetu hawakuitegemea peke yake. Kulikuwa na ngozi za ng'ombe, na kulikuwa na mavazi ya nyuzi za rafia, ambayo leo tunayaona kiunoni mwa wacheza ngoma tu na kudhani kwamba yalibuniwa kwa ajili ya ngoma.

Vitabu vya shule vinamaliza habari hii kwa sentensi moja: nguo za pamba zilikuja, zikawa bora, watu wakaacha magome. Sikubaliani na sentensi hiyo, au tuseme nakubaliana na robo yake. Pamba inafulika, hiyo ni kweli, na inakatwa na kushonwa unavyotaka. Ila merikani iliyofika kwetu haikuwa kitambaa bora kwa baridi. Ilikuwa shiti nyembamba, iliyopata jina kwa sababu mwanzoni ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani, wale wa Salem, Massachusetts, na jina likabaki hata pale viwanda vya Bombay vilipochukua soko. Haikushinda kwa joto.

Tazama kilichotokea kuizunguka. Julai 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi, na magharibi ya ziwa mstari ukafuata nyuzi 1 kusini mwa ikweta, ukipita katikati ya nchi za mtoma. Novemba mwaka huohuo Emin Pasha akaanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Mwaka 1892 Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, wakaweka misheni Kashozi. Mwaka 1898 Wajerumani wakaleta kodi ya nyumba. Mwishoni mwa 1901 reli kutoka Mombasa ikafika Kisumu, meli zikaunganisha bandari za ziwa, na buni, ambayo Wahaya walikuwa wakiitafuna na kumpa mgeni kama heshima, ikawa kitu cha kupimwa kwa mizani na kulipwa rupia.

Kabla ya hapo mtu aliyehitaji nguo alikwenda mwisho wa kibanja chake. Baada ya hapo ilibidi awe na fedha kwa hali yoyote, kwa ajili ya kodi, na zikishakuwepo fedha, duka lipo. Kununua nguo kukawa namna ya kuonyesha kwamba umo ndani ya dunia mpya. Bibi, aliyezaliwa miaka ya 1920, alituambia mama yake alikuwa na nguo nyeupe ya kanisani na rubugo ya nyumbani. Halafu watoto waliporudi shuleni wakaanza kuionea haya ile ya nyumbani, naye akaanza kuivaa usiku tu. Mwisho akaiweka. Kwa masimulizi ya Bibi, mama yake hakuiacha kwa sababu ya baridi wala mvua. Aliiacha kwa sababu ya macho ya wanawe.

Ng'ambo ya pili mambo yalikwenda tofauti kidogo. Mapokeo ya Buganda yanasema Kabaka Ssemakookiro, karne ya 18, aliagiza watu wapande mituba na wavae rubugo, na tangu hapo nguo hiyo ilifungamana na ufalme. Ilikuwepo kwenye kutawazwa kwa Kabaka Ronald Mutebi mwaka 1993. Ilikuwa pazia kwenye makaburi ya Kasubi mpaka moto wa Machi 2010. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005 na kuuingiza kwenye orodha yake mwaka 2008, chini ya jina la Uganda. Sina kinyongo na Uganda, wao walitunza. Kwetu falme ziliondolewa madaraka baada ya uhuru na hazikurudishwa, kwa hiyo rubugo haikuwa na mfalme wa kuivaa. Ilibaki na kazi moja, ile ambayo macho ya watoto wa shule hayafiki, yaani kaburi.

Hapo ndipo ninaporudi kwa shangazi, maana jioni ile ya msiba alitujibu hatimaye. Baba mkubwa alimwambia kwa upole, "Dada, tuifanye ya heshima." Shangazi akasema heshima ni mtu kupewa alichojiwekea. Bibi aliinunua mwenyewe, kwa fedha za buni, kutoka kwa mwanamke aliyekuja nayo kutoka Kiziba, na aliitunza kuliko hivyo vitenge tulivyomletea. Aliitia moshi kila mwaka isiliwe na wadudu. Je, tumzike na satini ambayo hakuijua?

Waliafikiana kama familia zinavyoafikiana. Bibi alizungushiwa rubugo, kisha akalazwa kwenye jeneza la satini, likafungwa, majirani wakaona vanishi.

Kabla hawajamzungushia, nilimfuata shangazi uani nikamwomba anikatie kipande, hata cha kiganja. Alinitazama kwa muda. "Mtoma ule pale," akaniambia, akionyesha kwa kidevu mwisho wa kibanja, ambapo mti mkubwa unasimama kwenye mpaka wetu na jirani, juu ya mibuni. "Kama unaitaka, kaigonge."

Ilinichukua miaka sita kumtii. Aprili 2019, mwaka mmoja baada ya Masaka, nilikuwa Kitendaguro likizo, mvua zimekolea, nikaenda na panga hadi kwenye mti. Nilitaka kuwa mwangalifu, basi badala ya kuuzungusha mduara mzima nilivua ubao mmoja tu, kama mlango mdogo. Gome lilikuwa gumu. Mti ule haujavuliwa labda tangu enzi za mama yake Bibi, na ulikuwa umejifunika vilivyo. Nilifunga kidonda kwa majani ya mgomba na kamba. Nyundo sikuwa nayo, nikatumia mchi wa kinu, ambao hauna mifereji, juu ya gogo la mparachichi. Binamu zangu walikuja kuangalia, wakacheka, wakachoka, wakaondoka. Siku ya kwanza nilitoboa matundu mawili. Siku ya pili likaanza kutanuka, nikafurahi, nikagonga kwa nguvu zaidi, likachanika pembeni. Mikono ilikufa ganzi hadi sikuweza kushika kikombe.

Nilichopata ni kitambaa cha ukubwa wa taulo la mkono, kinene upande mmoja na chembamba mno upande wa pili, chenye matundu manne. Kilipokauka kilikuwa kigumu kama boksi. Lakini rangi ilikuja. Shangazi alikigeuza huku na huku, akakinusa, akaingiza kidole kwenye tundu moja.

"Hii ya kwanza ni ya kufutia miguu," akasema. "Mti umeufunga?"

Nikasema nimeufunga. Akachukua fimbo yake akaenda kuhakikisha, na aliporudi alikuwa amebeba majani mengine ya mgomba, kwa sababu yangu, alisema, nilikuwa nimeyaacha wazi upande wa mvua.