Bibi Sandra Schmirler na Mchezo wa Mawe Juu ya Barafu

Somo letu la historia leo latupeleka mbali, mpaka nchi ya Kanada, ambako wakati wa baridi maji ya maziwa huganda yakawa magumu kama sakafu. Nitawapeni habari za mwanamke aliyekuwa akifanya kazi ya mshahara kama watu wengine, kisha yeye na wenzake watatu wakaushinda ulimwengu mzima katika mchezo ambao wengi wenu hamjapata kuuona.

Basi tuanze na mchezo wenyewe. Jina lake ni kalingi, nao ulitoka Uskoti. Huko limeonekana jiwe la kuchezea lililochorwa mwaka 1511. Jiwe hilo ni la mviringo, lina mkono juu yake kama birika, na uzito wake waweza kufika ratili 44, yaani karibu kilo 20. Mchezaji hulitelezesha juu ya barafu, lende likasimame ndani ya duara iliyochorwa upande wa pili, mbali kiasi cha futi mia na zaidi. Timu ina watu wanne, na kila mmoja hutupa mawe mawili katika kila duru. Jiwe likiwa linakwenda, wenzake wawili hukimbia mbele yake wakifagia barafu kwa nguvu. Msicheke! Ufagio huitia barafu joto kidogo, jiwe likafika mbali zaidi na kwenda kwa kunyooka zaidi.

Nahodha husimama penye duara akionyesha mahali pa kulenga. Yeye ndiye huamua jiwe lipi lipigwe litoke, na lipi liachwe kuwa ngao. Anayejua kucheza bao atafahamu upesi: kete ya sasa hupangwa kwa ajili ya kete itakayokuja.

Sandra Schmirler alizaliwa Juni 1963, akakulia Biggar, mji mdogo wa reli katika jimbo la Saskatchewan, nchi tambarare ya ngano. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi Regina, katika jumba la michezo na kuogelea la mji. Hapo kwanza hakuwa nahodha, alicheza chini ya mwingine. Baadaye yeye na rafiki yake Jan Betker waliunda timu yao, wakawachukua Joan McCusker, aliyekuwa mwalimu, na Marcia Gudereit. Wanne hao walikuwa mabingwa wa ulimwengu mwaka 1993 huko Geneva, mwaka 1994 huko Oberstdorf, Ujerumani, na tena mwaka 1997 huko Bern. Mara tatu, na watu wale wale! Mimi naona hilo ni jambo kubwa kuliko medali zenyewe, maana timu nyingi zikishindwa mwaka mmoja hutafuta mtu wa kulaumiwa na kumfukuza. Hawa kati ya 1994 na 1997 hawakupata ubingwa, wala hawakuachana.

Huko Bern, Bibi Sandra alikuwa mja mzito. Mtoto alizaliwa Septemba 1997, na Novemba ikawapasa kwenda Brandon kushindania nafasi ya kuiwakilisha Kanada katika Olimpiki. Fikirini, mama mwenye mtoto wa miezi miwili! Katika mchezo wa mwisho walipambana na timu ya Shannon Kleibrink. Jiwe la wapinzani lilikuwa limekaa katikati ya duara, limekingwa vizuri, njia ya kulifikia hakuna. Bibi Sandra aliligonga jiwe jingine lililokuwa kando. Jiwe lake likaruka kwa pembe, likaingia ndani, likalitoa lile la wapinzani, nalo likabaki pale pale. Alama tatu kwa mpigo mmoja. Wakanada wanaoupenda mchezo huu wangali wakiusimulia mpigo huo.

Februari 1998 walikwenda Japani. Wanaume walikuwa wameucheza mchezo huu katika Olimpiki ya mwaka 1924, lakini kwa wanawake hii ndiyo mara ya kwanza kupewa medali. Katika nusu fainali Waingereza waliwabana hata ikalazimu kuongeza duru moja, Kanada ikapita kwa 6 kwa 5. Kisha wakawashinda Denmark 7 kwa 5, wakapata dhahabu. (Wadenmark nao walirudi kwao na furaha, kwa kuwa hiyo ilikuwa medali yao ya kwanza katika Olimpiki ya baridi.)

Mwaka 1999 Bibi Sandra alipata mtoto wa pili, na haukupita muda mrefu madaktari wakamwona ana saratani. Februari 2000, ingawa alikuwa mgonjwa, alikwenda mji wa Moncton kutangaza michezo ya vijana kwa televisheni, na huko akawaeleza waandishi wa habari waziwazi juu ya ugonjwa wake. Alifariki tarehe 2 Machi 2000. Mazishi yake yalionyeshwa na televisheni nchi nzima. Mwaka 2001 ulianzishwa mfuko wenye jina lake, unaozisaidia hospitali za Kanada kununua vyombo vya kutunzia watoto wachanga walio wagonjwa, na lile jumba alilofanyia kazi Regina likaitwa kwa jina lake.

Sasa fungueni madaftari. Alizaliwa Juni 1963, akafa Machi 2000. Andikeni umri wake, na mwangalie sana miezi, si miaka tu.