Manukato ya Shubaka: Jina la Soko, Si Cheti cha Ubora

Muuzaji wa pafyumu, awe Kariakoo au stendi ya Kibiti, ana neno lake la mwisho mteja anapouliza kwa nini chupa hii ya kiume ni laki saba na nusu na ile ni elfu thelathini. "Hii ni nishi, kaka." Mteja huitikia kwa kichwa. Akilini mwake nishi imekuwa orijino, au kali, au ya matajiri. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo maana yake, na anayekosea maana hapa hukosea na pesa.

Neno lenyewe ni la Kifaransa, niche, na maana yake ya kwanza ni nafasi iliyoachwa ndani ya ukuta ili kuweka kitu. Kiswahili kinalo jina lake tangu zamani: shubaka, au kidaka. Nyumba za mawe za Lamu zimesifika kwa kuta zilizojaa vidaka vya chokaa, vilivyopangiwa vyombo vya thamani.

Kutoka ukutani neno likahamia kwa wanaikolojia, wakalitumia kwa mahali na namna ya kuishi inayomfaa kila kiumbe. Hapo watu wa delta ya Rufiji hawahitaji kufundishwa. Shuka na boti kutoka Nyamisati kuelekea baharini. Kwenye ardhi ya juu, inayofikiwa na maji makuu tu, utaona mikandaa. Kingoni mwa mito imesimama mikoko kwa mizizi yake kama miguu. Mbele kabisa, panapopigwa na bahari, pana mililana. Mchu unavumilia huku na huku. Fundi anayetafuta boriti hukata mkoko, anayetafuta mataruma ya chombo huuendea mlilana, na hakuna anayesema mti mmoja ni bora kwa sababu umeota mbele. Kila mmoja una shubaka lake.

Wafanyabiashara nao walipolichukua neno, walimaanisha hivyo hivyo: sehemu ndogo ya soko ambayo makampuni makubwa hayakuishughulikia. Mwaka 1976 Jean Laporte alianzisha L'Artisan Parfumeur mjini Paris, nyumba iliyotengeneza manukato bila kuyabeba juu ya jina la mbunifu wa mavazi. Mwaka 1983 ikazaliwa Amouage nchini Oman, kwa matakwa ya Sultan Qaboos, na ubani wa Dhofar ukapewa heshima ndani yake. Nyumba za namna hiyo ziliuza kidogo, katika maduka machache, kwa watu waliochoka kunukia kama kila mtu.

Leo hata udogo huo ni wa kuulizia. Le Labo ilinunuliwa na Estée Lauder mwaka 2014. Creed, nyumba ya Aventus ya mwaka 2010, pafyumu ya kiume inayoigwa kila kona, ilinunuliwa na Kering mwaka 2023. Wenye mali ni makampuni makubwa, lakini jina la nishi limebaki, na bei imebaki nalo.

Tuiite nini basi kwa Kiswahili? "Manukato ya kifahari" hayafai, kwa kuwa fahari ni sifa na neno la asili halisifu chochote. "Manukato adimu" ni uongo, maana kilichojaa madukani hakiadimiki. "Manukato ya wachache" yanakaribia, ila yanamfanya mnunuzi ajione mteule kabla hajanusa. Mimi nachagua "manukato ya shubaka", na soko lake "shubaka la soko". Neno hili linataja mahali bidhaa ilipowekwa, likanyamaza kuhusu ubora. Huo ndio ukweli wa jambo.

Kinachostahili kuulizwa dukani ni ukolezi, yaani kiasi cha mafuta ya harufu ndani ya spiriti. Eau de toilette huwa na asilimia 5 hadi 15, eau de parfum 15 hadi 20 hivi, na extrait huzidi hapo. Majina hayo yako kwenye chupa za bei zote. Malighafi nayo haigawanyiki kwa bei kama tunavyodhani. Kuhusu ambari, inayotoka tumboni mwa nyangumi, mwanahistoria wa Kiarabu al-Masudi aliandika katika karne ya 10 kwamba iliyo bora zaidi ni ya bahari ya Wazanji, bahari hii hii iliyo mbele ya Rufiji na Mafia. Siku hizi kazi yake hufanywa na ambroxan, inayotengenezwa kiwandani. Imo ndani ya Sauvage ya Dior ya mwaka 2015, inayouzwa kila uwanja wa ndege, na imo pia katika chupa za shubaka zenye bei mara mbili au tatu.

Je, chupa ya laki saba na nusu inafaa kununuliwa? Mkulima wa Kibiti anayeuza korosho kwa shilingi 3,000 kilo moja atapima kilo 250 ndipo aifikie. Kwa bei hiyo, jibu langu ni hapana. Sehemu kubwa ya pesa hizo hulipia jina, chupa na duka, na jasho la mchana wa delta halijui chupa ilitoka Paris au wapi.

Lakini anayependa harufu asijinyime. Tunayo biashara ya pafyumu za kupima: muuzaji anavuta kwa bomba la sindano, anakujazia kichupa, unalipia mili ulizochukua. Muulize kwanza kama ni yenyewe au ni mafuta yaliyoigwa, kwani vyote viwili huuzwa kwa jina moja. Anayeepuka spiriti achukue mafuta, mradi ajue anachonunua. Pima mili 5, jipake asubuhi, nenda kazini. Robo saa ya kwanza usiihukumu, kwani harufu ya juu huruka upesi. Ikiwa jioni ngozi bado inanukia na wewe bado unaipenda, rudi ukapime tena. Chupa nzima mwachie ambaye laki saba kwake ni chenji.