Kutoka Leja Hadi Zabuni: Jinsi Taaluma ya Ununuzi wa Umma Ilivyojengwa Tanzania

Kazi ya ununuzi serikalini ilianzia bohari. Wakati wa utawala wa Waingereza, vifaa vingi vya serikali ya Tanganyika viliagizwa kupitia Crown Agents wa London, na kazi kubwa iliyobaki huku ilikuwa kupokea, kuhifadhi na kugawa. Mtunza bohari alifundishwa na aliyemtangulia. Alijifunza kujaza leja, kuandika kwenye kadi ya rafuni kila kitu kilipoingia au kutoka, na kulinganisha salio la kadi na mali iliyopo. Vikipishana, hati zilifunuliwa moja moja hadi pengo lionekane. Nidhamu hiyo ndiyo mzizi wa taaluma yenyewe, ingawa historia nyingi huiruka.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashirika ya umma yaliongezeka, na kila shirika likahitaji bohari na mtu wa kuisimamia. Sheria Na. 9 ya 1981 ikaunda Bodi ya Taifa ya Usimamizi wa Vifaa, NBMM. Jina hilo linaonyesha fikra za wakati ule: kilichosimamiwa ni vifaa, wala si zabuni.

Mageuzi makubwa yalikuja na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2004. Chini ya sheria iliyotangulia ya 2001, Bodi Kuu ya Zabuni bado ilikuwa na nafasi kubwa katika maamuzi. Sheria mpya iliyahamishia maamuzi hayo kwenye taasisi zenyewe: kila moja iwe na bodi yake ya zabuni na kitengo cha usimamizi wa ununuzi, huku Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, ikidhibiti. Hakuna chuo kilichobadilisha maisha ya wahitimu wa fani hii kama sharti hilo lilivyofanya. Ghafla halmashauri ya wilaya, hospitali na wakala wa serikali walihitaji mtu anayeweza kuandaa nyaraka za zabuni na kusimamia mkataba.

Sheria Na. 23 ya 2007 ikaiondoa NBMM na kuweka Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB. Tangu hapo shahada peke yake haitoshi. Matangazo ya ajira ya Afisa Ugavi Daraja la II humtaka mwombaji awe amesajiliwa na bodi hiyo, ambayo pia huendesha mitihani ya kitaaluma inayofikia ngazi ya juu ya CPSP. Anayeingia na shahada hupanda madaraja akiwa kazini, na wengi husomea mitihani hiyo usiku baada ya saa za ofisi.

Mwaka 2023 zabuni za serikali zilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, uliochukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS. Maafisa waliokwisha kubobea kwenye makabrasha wakarudi darasani pamoja na vijana waliotoka vyuoni. Hata hivyo, mzigo ukifika, bado hufunguliwa, hukaguliwa na kuhesabiwa kwa mkono kabla ya kupokelewa.