Mpira na Ujira: Jinsi Watu Walivyoanza Kulipwa kwa Kucheza

Jioni, jua linapokaribia kuzama ziwani, mtu akitembea mjini Mwanza, toka Kirumba hata Igoma, hawezi kwenda mbali asikute watoto wakifukuza mpira. Wengine wana mpira wa ngozi, wengine wa matambara yaliyofungwa kwa kamba. Siku moja mwanafunzi mmoja wa chuo chetu cha ualimu aliwatazama watoto hao, akatuuliza: "Mwalimu, mtu wa kwanza kupokea fedha kwa ajili ya kucheza alikuwa nani? Na je, alifanya vema?" Swali ni fupi, lakini jibu lake lina safari ndefu. Leo twataka kulijibu.

Kwanza na tuelewe maneno mawili. Mchezaji wa ridhaa ni yule achezaye kwa kupenda kwake, bila ujira. Mchezaji wa kulipwa ni yule ambaye mchezo ndio kazi yake, naye hupokea mshahara kama fundi au karani. Lakini kati ya hawa wawili yupo wa tatu, asiye na jina: yule anayelipwa kwa siri, na mbele ya watu husemwa kuwa anacheza bure. Huyu wa tatu ndiye tutakayemfuata, kwa maana nchi nyingi zilianza naye. Hata Uingereza, mpira wa miguu ulikotoka, watu walilipwa kwa kificho mpaka chama cha mpira kilipokubali ujira wa wazi mwaka wa 1885.

Sasa twendeni Marekani. Huko wanao mpira wao wenyewe, usiofanana na wetu ila kwa jina. Mpira wenyewe ni wa mviringo mrefu kama yai, hushikwa kwa mikono, na wachezaji husukumana kama mafahali. Zamani ulikuwa mchezo wa wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyama vya mijini, na sheria ya vyama hivyo ilikataza ujira. Lakini kila chama kilitaka kushinda, basi hila zikazaliwa. Husimuliwa kwamba mchezaji alipewa saa ya dhahabu iwe zawadi. Akaenda kuiweka rehani apate fedha. Kisha chama kikaikomboa saa ile ile, na baada ya mchezo wa pili akapewa tena! Saa ilikuwa moja, bali fedha zilikuwa nyingi.

Mwaka wa 1892, ambao huhesabiwa kuwa mwaka wa kuanzishwa mji wetu wa Mwanza, vyama viwili vya nchi ya viwanda vya chuma, Allegheny na Pittsburgh, vilishindana. Ilikuwa tarehe 12 Novemba. Watu wa Allegheny walimleta mgeni, William Heffelfinger, mtu wa kiwiliwili kikubwa aliyejifunza mchezo katika Chuo Kikuu cha Yale. Wapinzani walipomwona walinung'unika, lakini hawakuwa na ushahidi. Mchezo ukachezwa, Heffelfinger akauokota mpira ulioanguka, akakimbia nao hata mwisho wa kiwanja, na chama chake kikashinda kwa 4 bila kitu.

Siri ile ilikaa miaka mingi. Katika muda huo watu waliamini kwamba wa kwanza kulipwa alikuwa kijana John Brallier, aliyepewa dola 10 na gharama zake za safari mwaka wa 1895. Lakini Allegheny walikuwa na mwandishi wa hesabu aliyeandika kweli. Daftari lao lilipoonekana, lilionyesha kwamba Heffelfinger alilipwa dola 500, fedha taslimu, kwa mchezo mmoja tu. Wahenga wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Hapa twaona kwamba mali iliyo na daftari hutoa habari hata baada ya wenyewe kufa.

Huenda msikilizaji akasema, "Siri hiyo ilimdhuru nani?" Na tumtazame Jim Thorpe, mtu wa kabila la wenyeji wa Marekani. Katika michezo ya Olimpiki ya Stockholm, mwaka wa 1912, alipata nishani mbili za dhahabu. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba zamani alikuwa amelipwa fedha kidogo kwa kucheza besiboli, mpira wa gongo. Vijana wengine walifanya vivyo hivyo kwa majina ya uongo. Yeye alitumia jina lake mwenyewe. Akanyang'anywa nishani zote mbili. Waliomlipa hawakuadhibiwa. Thorpe alikufa mwaka wa 1953, na nishani zilirudishwa kwa watoto wake mwaka wa 1983 tu.

Lakini mchezo wenyewe ulikwisha kutoka gizani. Mwaka wa 1920, katika mji wa Canton, wakuu wa timu walikutana katika duka la kuuzia motokaa, wakaunda chama cha timu za kulipwa, na rais wao wa kwanza alikuwa Thorpe huyo huyo. Mwaka wa 1922 chama kikapewa jina la NFL, nalo lingali likitumika.

Basi na turudi kwetu. Mpira wa miguu uliletwa pwani na Waingereza, na shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ulipochezwa. Walimu waliufundisha kuwa adabu ya mwili, wala si njia ya kupata riziki. Dar es Salaam vijana waliunda vyama vyao wenyewe: Young Africans mwaka wa 1935, na mwaka wa 1936 kile kilichoitwa baadaye Sunderland, na tangu 1971 Simba. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, siasa ya nchi ilitaka michezo yote iwe ya ridhaa.

Je, mtu wa tatu alikosekana? Hakukosekana, ila alivaa nguo nyingine. Mashirika ya umma, kama reli, bandari, viwanda na mazao, yalikuwa na timu zake. Kijana hodari wa mguu alipewa kazi, na jioni akacheza. Hapa Mwanza tulikuwa na Pamba, timu iliyobeba jina la zao la Usukuma na kulelewa na shirika la zao hilo. Mwaka wa 1990 Pamba ilitwaa ubingwa wa Tanzania, na mji wote ukafurahi.

Hatusemi kwamba utaratibu ule ulikuwa mbaya. Ulimpa kijana mshahara, na fahari ikafika Kwimba na Magu. Lakini msingi wa riziki yake ulikuwa zao, si mchezo. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka wa 1994, mambo ya zamani yakabadilika. Timu nayo ilishuka, ikakaa zaidi ya miaka 20 nje ya ligi kuu, mpaka iliporudi mwaka wa 2024 kwa jina la Pamba Jiji, ikiwa chini ya jiji la Mwanza.

Wako waliotafuta njia ya wazi. Sunday Manara wa Young Africans alikwenda Uholanzi mwaka wa 1977 kuchezea Heracles, akalipwa kwa mkataba. Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda Lubumbashi mwaka wa 2011, akafika Ubelgiji mwaka wa 2016, na mwaka wa 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Uingereza.

Basi tumjibu mwanafunzi wetu. Aliyepokea ujira kwa jasho lake hakufanya vibaya. Mkulima hulipwa, mvuvi hulipwa, na mwalimu pia. Ubaya ulikuwa katika kuficha. Maana ujira wa siri hauna karatasi, na siku mguu unapovunjika mchezaji hana la kuonyesha. Mwenye kulipa huenda zake. Mwenye kuumia hubaki.

Kwa hiyo twawasihi ninyi wazazi, na ninyi vijana wa kando ya ziwa mlio na miguu myepesi: msiache kalamu kwa ajili ya mpira. Mtu akikujia na maneno matamu ya timu, mwambie ayaandike. Uyasome mwenyewe, tena uyasome mara ya pili, uulize ni fedha kiasi gani, ni kwa miaka mingapi, na nani atakutibu ukiumia. Ndipo utie sahihi yako. Mguu utakupeleka kiwanjani, lakini ni macho yajuayo kusoma yatakayokurudisha nyumbani salama.