Maurice Strong

Maurice Frederick Strong (Oak Lake, Manitoba, Kanada, 29 Aprili 1929 – Ottawa, Kanada, 27 Novemba 2015) alikuwa mfanyabiashara wa mafuta na umeme, mwanadiplomasia na mfadhili kutoka nchini Kanada. Afrika ya Mashariki anajulikana hasa kama mkurugenzi mtendaji wa kwanza wa Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa (UNEP), wenye makao makuu mjini Nairobi, Kenya.

Maisha ya awali

Strong alizaliwa katika mji mdogo mwaka ulioanza mdororo mkuu wa uchumi duniani. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alipoteza kazi na familia ikaishi kwa shida. Kijana aliacha masomo mapema, akafanya kazi melini, kisha akaajiriwa na kampuni ya Hudson's Bay iliyonunua ngozi za wanyama kaskazini mwa Kanada. Mwaka 1947 alipata kazi ndogo katika idara ya ulinzi ya Umoja wa Mataifa huko New York. Hakukaa muda mrefu, lakini tangu hapo alitamani kurudi katika shirika hilo. Hakuwahi kusoma chuo kikuu. Shahada nyingi alizokuwa nazo baadaye zilikuwa za heshima.

Biashara ya mafuta

Alijifunza biashara ya mafuta huko Calgary, magharibi mwa Kanada, akiwa mchambuzi wa hisa na kisha mfanyakazi wa kampuni ya Dome Petroleum. Mwaka 1952 aliacha kazi akasafiri na mke wake kuizunguka dunia. Safari hiyo ilimfikisha Nairobi, ambako aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Caltex. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Kazi yake ilihusu upanuzi wa vituo vya mafuta, ikampeleka pia nje ya Kenya. Miaka ishirini baadaye, aliporudi Nairobi kama mkuu wa shirika la kimataifa, mji haukuwa mgeni kwake.

Baada ya kurudi Kanada alipanda haraka, na kabla ya kufikisha miaka 40 alikuwa rais wa Power Corporation, mojawapo ya makampuni makubwa ya uwekezaji nchini humo. Mwaka 1966 aliacha mshahara huo mnono, akakubali kuongoza ofisi ya serikali ya misaada ya nje, iliyogeuzwa kuwa shirika la CIDA mwaka 1968.

Alirudi katika nishati mara mbili. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, serikali ya Kanada iliunda kampuni ya umma ya mafuta, Petro-Canada, na Strong akawa rais wake wa kwanza (1976–1978). Kuanzia mwaka 1992 hadi 1995 aliongoza Ontario Hydro, shirika la umeme lililolemewa na madeni ya vinu vya nyuklia. Huko alipunguza maelfu ya wafanyakazi, jambo lililomletea maadui.

Stockholm na Nairobi

Mkutano wa kwanza mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira ulifanyika Stockholm, Uswidi, Juni 1972, na Strong alikuwa katibu mkuu wake. Karibu uvunjike kabla ya kuanza. Nchi maskini zilishuku kwamba mataifa tajiri, yaliyokwisha kujenga viwanda vyao, sasa yangetumia mazingira kama kisingizio cha kuwazuia wengine. Strong alisafiri nchi hadi nchi kuwashawishi viongozi, na mwaka 1971 aliitisha kikao cha wataalamu huko Founex, Uswisi, kilichokubali kwamba umaskini wenyewe ni tatizo la mazingira. Waziri mkuu wa India, Indira Gandhi, alikuja Stockholm na kulitetea wazo hilo.

Desemba 1972 Baraza Kuu liliunda UNEP. Mataifa tajiri yalipendelea makao yawe Ulaya au Marekani, lakini Kenya, ikiongozwa na balozi wake Joseph Odero-Jowi, ilikusanya kura za nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Nairobi ikawa mji wa kwanza katika nchi inayoendelea kupata makao makuu ya chombo cha Umoja wa Mataifa. Kazi ilianza mwaka 1973 katika jengo la mikutano la Kenyatta, kabla ya kuhamia Gigiri. Strong aliongoza hadi mwaka 1975, akafuatwa na Mostafa Tolba wa Misri.

Miaka ya 1984–1986 alikuwa mratibu mtendaji wa ofisi ya Umoja wa Mataifa iliyosimamia misaada wakati wa njaa kubwa ya Afrika.

Rio na Ziwa Tanganyika

Strong alikuwa tena katibu mkuu wa Mkutano wa Dunia wa Rio de Janeiro, Brazil, Juni 1992, uliohudhuriwa na wakuu wa nchi na serikali zaidi ya 100. Hapo ilitiwa sahihi mikataba ya tabianchi na bioanuwai.

Matokeo yake yalifika hadi Kigoma. Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ambao ndio chombo cha fedha cha mikataba hiyo, uligharimia mradi wa bioanuwai wa Ziwa Tanganyika kuanzia mwaka 1995, na Kigoma ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vya utafiti. Mradi huo uliandaa mkataba wa ziwa uliotiwa sahihi na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia mjini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003.

Ufadhili na lawama

Yeye na mke wake wa pili, Hanne, walitoa sehemu ya ardhi yao huko Crestone, Colorado, Marekani, kwa jumuiya za dini mbalimbali. Hata hivyo kampuni aliyohusika nayo ilitaka kuuza maji ya chini ya ardhi ya bonde hilohilo. Wakulima walipinga na mahakama ikawaunga mkono.

Mwaka 2005 uchunguzi wa mpango wa mafuta ya Iraq ulionyesha kwamba mwaka 1997 alipokea hundi ya karibu dola milioni moja kutoka kwa mfanyabiashara Tongsun Park wa Korea ya Kusini, na kwamba fedha hizo zilitoka Iraq. Strong alisema hakujua chanzo chake, na hakushtakiwa. Aliacha wadhifa wake katika Umoja wa Mataifa, akaishi miaka mingi Beijing, China.

Alipewa Tuzo ya Tyler (1974) na Tuzo ya Blue Planet (1995). Alifariki siku tatu kabla ya kufunguliwa kwa mkutano wa Paris, ambako nchi wanachama wa mkataba wa tabianchi wa Rio zilipitisha Makubaliano ya Paris.