Presha ya macho: upasuaji uliotangulia maelezo yake

Mwaka 1854 Albrecht von Graefe, daktari wa macho wa Berlin ambaye hata miaka 30 alikuwa hajafikisha, alichungulia ndani ya jicho la mgonjwa wa glakoma, yaani presha ya macho, akaona kitu ambacho hakikuwapo. Mkononi alikuwa na kifaa kipya cha Hermann von Helmholtz, kilichotangazwa mwaka 1851, ambacho kwa mara ya kwanza kiliwawezesha madaktari kutazama sehemu ya nyuma ya jicho la mtu aliye hai. Pale neva ya macho inapoingilia, Graefe aliona uvimbe, akaandika hivyo. Mwanafunzi wake, Adolf Weber, ndiye aliyeng'amua kwamba mwanga ulikuwa umemhadaa mwalimu: palikuwa na shimo, si uvimbe. Mwanaanatomia Heinrich Müller alichunguza macho ya maiti na kuthibitisha. Graefe akakubali kusahihishwa, na shimo hilo ndilo wanalolitafuta madaktari mpaka leo.

Kabla ya hapo kulikuwa na vidole tu. Mwingereza Richard Banister aliandika mwaka 1622 kwamba jicho lililopoteza nuru, likibonyezwa juu ya kope na kuonekana gumu kuliko kawaida, halina tiba. Hakukosea sana. Ndani ya jicho kuna maji, mbali na machozi, yanayotengenezwa bila kukoma na kutoka kupitia vichujio vidogo kwenye pembe, mahali duara lenye rangi linapokutana na ukuta wa jicho. Njia ikiziba, presha hupanda, na neva huanza kufa. Kwa karne nyingi ugonjwa huu ulichanganywa na mtoto wa jicho, ingawa mtoto wa jicho ni lenzi tu iliyoingia ukungu, na lenzi huweza kuondolewa. Neva iliyokufa hairudi.

Graefe aliingia kwenye vitabu vya historia mwaka 1857. Alikuwa ameona katika magonjwa mengine ya macho kwamba akikata kipande cha lile duara lenye rangi, jicho hulainika. Akajaribu kwa wagonjwa wa glakoma ya ghafla, ile inayokuja na maumivu makali, kutapika na jicho jekundu, na watu waliokuwa wakielekea upofu wakabaki wanaona. Kwa nini? Hakujua. Maelezo ya kuridhisha yalikuja mwaka 1920, pale Edward Curran wa Marekani alipoonyesha kwamba maji hunaswa nyuma ya duara lile na kulisukuma mbele mpaka linaziba pembe. Ukilitoboa, maji hupata njia. Graefe alikuwa amefariki zamani, mwaka 1870, kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 42.

Dawa ya kwanza iliyofaa ilitoka Afrika. Huko Calabar, katika Nigeria ya leo, watu walioshukiwa uchawi walikuwa wakilishwa mbegu fulani ya maharage yenye sumu: aliyekufa alihesabiwa mwenye hatia, aliyetapika akaachiwa. Mbegu zikafika Edinburgh, na mwaka 1863 Douglas Argyll Robertson akaonyesha kwamba utomvu wake hufanya mboni isinyae. Mwaka 1876 Ludwig Laqueur wa Strasbourg aliutumia kutibu glakoma. Laqueur mwenyewe alikuwa mgonjwa wa glakoma.

Lakini kisu cha Graefe kilishindwa mbele ya aina nyingine, ile isiyouma. Hiyo humla mtu uwezo wa kuona kuanzia pembeni, taratibu, bila yeye kutambua, na ndiyo iliyo nyingi zaidi Afrika. Kwa hiyo madaktari walianza kutafuta namna ya kuyatoa maji kupitia ukuta wenyewe wa jicho. Mwaka 1909 Robert Henry Elliot, aliyeongoza hospitali ya macho ya serikali huko Madras, India, alieleza mbinu ya kutoboa tundu dogo la mviringo kwa kekee laini na kuliacha limefunikwa na utando mwembamba wa nje. Presha ilishuka kweli. Tatizo lilikuwa utando huo: ulikonda, na miaka baadaye vijidudu viliweza kupenya na kuliharibu jicho lote.

Jawabu lilitoka Cambridge mwaka 1968. John Cairns alichonga kwanza kifuniko katika sehemu nyeupe ya jicho, akatoboa chini yake, kisha akakishona juu ya tundu. Yeye alidhani maji yangeingia kwenye mfereji wa asili aliokuwa ameukata. Baadaye ikabainika kwamba katika macho mengi yalipita kando ya kifuniko na kukusanyika chini ya utando. Kama ilivyokuwa kwa Graefe, mkono ulipatia kabla ya maelezo! Upasuaji huo bado unafanywa duniani kote, na tangu miaka ya 1980 huongezewa dawa za kuzuia kovu lisizibe tundu.

Upande wa vipimo, Hjalmar Schiøtz wa Norway alileta mwaka 1905 kifaa cha kuwekwa juu ya jicho lililotiwa ganzi, na vidole vikapumzika. Hata hivyo presha peke yake haitoshi, kwa kuwa wapo wanaopofuka ikiwa ya kawaida.

Ukubwa wa tatizo Tanzania ulionekana Kongwa, mkoani Dodoma: kati ya watu 3,268 wa miaka 40 na zaidi waliopimwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, zaidi ya 4 kwa kila 100 walikuwa na glakoma. Na safari hii ushahidi mpya wa tiba ulitoka hapahapa. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa 201 waligawanywa, wengine wakapigwa leza kwenye vichujio, wengine wakapewa matone ya timolol. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalifaulu kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, dhidi ya asilimia 31 kwa matone. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Aliyefikisha miaka 40, hasa mwenye mzazi au ndugu aliyepata glakoma, aende kliniki ya macho na aombe mambo mawili: apimwe presha, na neva yake ichunguliwe.